Kaa Aliyekataa Kuwaka Alfajiri

Nyinyi vijana mnaoshika spana kabla hamjatumia masikio, sogeeni kidogo tuzungumze. Kuandika kwangu ni kwa taabu. Skuli nilitolewa mapema nikalee wadogo zangu, na mkono huu umezoea bisibisi kuliko kalamu. Lakini jina likiniingia halitoki. Mimi ni Mize binti Faki Hamad, wa Pujini, na miaka yangu ya nguvu niliimalizia Wawi, kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Nassor bin Khalfan, Mungu amrehemu. Waliokuja kusaga mtama na muhogo mkavu wakiniita Bi Mize wa Mashine. Mpaka leo, goti limeshakataa kazi, mtu pampu yake ya maji ikikohoa huja kwangu kwanza, fundi baadaye.

Nataka niwape habari za Kaa, maana ndani yake mna kila nilichofunzwa, na mna jambo ambalo sikufunzwa na mtu.

Kaa ni pikipiki ya magurudumu manne, ya mashindano, mali ya mjukuu wangu Raya, mtoto wa marehemu mwanangu Suleiman. Kakake Raya, Abdalla, anaishi Maskat. Aliinunua kwa kijana wa huko aliyekuwa akiirusha juu ya vilima vya mchanga, akaichoka, akataka mpya. Abdalla akaitia ndani ya kontena pamoja na majokofu na mablanketi ya watu, akamletea dadake. Siku iliposhushwa Pujini watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Chombo kifupi, kipana, magurudumu yametanuka huku na huku, kimejiinamia kama kaa anayetafuta tundu. Jina likashika pale pale.

Injini yake ni silinda moja tu. Ukiiona utasema hii si tofauti na ya pampu ya maji. Weye! Ya pampu ni ng'ombe wa kulima, utampa majani yoyote na kesho ataamka. Kaa ni fahali wa mchezo wa ng'ombe: ana chakula chake, ana malazi yake, na ukimkosea hakwambii, anakutia pembe. Injini ya mashindano imekazwa kila pahala ili itoe nguvu nyingi katika kijungu kidogo. Kwa hiyo kosa ambalo pampu italistahamilia mwaka mzima, hii hailivumilii wiki.

Mwaniuliza Raya alitaka nini na chombo cha mashindano? Alitaka kupeleka maziwa.

Raya aliachwa na mumewe, akarudi nyumbani na mtoto wake Sulhia na ng'ombe wa maziwa aliowarithi kwa babake. Akachomelesha kigari cha kufunga nyuma ya Kaa, akapakia madumu, akashika njia ya Madungu, Chake Chake, kwa Maalim Bakar Juma mwenye hoteli ya chai. Safari ya kwanza alikwenda mbio, na Kaa alivyo mgumu wa springi, njia nzima ni kuruka tu. Maalim Bakar akafungua dumu, akachungulia, akaona vidonge vya mafuta vinaelea.

"Raya mwanangu," akamwambia, "mkate nnao. Siagi sikuagiza."

Akajifunza kwenda pole pole, na kazi ikasimama imara. Lakini Maalim Bakar alikuwa na sharti lake. Wateja wake ni wazee wanaotoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, na wale wanataka chai ya maziwa ikiwa inawangoja. Maziwa yakifika jua limeshatoka, wazee wameshakwenda zao.

Na nyuma ya sharti hilo lilikuwako jambo jingine. Raya alikwishaandikisha jina kwa wakala mmoja wa kupeleka wanawake Maskat kufanya kazi za ndani. Pasi ya kusafiria ilikuwa kabatini. Alikuwa amejiambia: maziwa yakisimama, nakaa, yakianguka, nakwenda, na Sulhia atabaki kwa Bibi. Mimi sikumwambia neno, kwani mtu mzima na riziki yake. Lakini nyumba ngapi hapa kwetu zina mtoto ambaye mama yake ni sauti ndani ya simu? Nazijua moja moja, na majina ya watoto nayajua.

Sasa nirudi kidogo kwenye injini, maana mambo haya hamtayafahamu bila ya hilo.

Chombo kilichotumiwa na mtu mwengine kikikufikia, usikiwashe ukakipigia mbio kuonyesha majirani. Mwage oili yake kwanza, uichuje kwa kitambaa cheupe. Oili itakupa habari za yule aliyekuwa nacho. Ya Kaa ilitoa mchanga mwembamba kama poda ya mtoto. Chovya kidole, usugue na dole gumba: ikiteleza kama bamia, salama; ikikwaruza, simama hapo hapo. Tuliibadilisha, tukamwasha kidogo, tukaibadilisha tena. Na jengine: oili ya injini kama hii nyingi yake hukaa kwenye tangi lake pembeni, na usiku huteremka chini. Ukiipima asubuhi chombo hakijawashwa, utaiona ndogo, utaongeza, na utakuwa umeijaza kupita kiasi. Iwashe, iache ipate joto, izime, ndio upime.

Kisha nikamwonyesha Raya chujio la hewa, chini ya kiti. Kwa Kaa ni sponji, pana kama mkate wa mofa. Kwa nje ilikuwa imejaa vumbi la jangwa. Nikamwambia: injini hunywa petroli kidogo na hewa nyingi, na hewa ndiyo inayoingiza mchanga. Sponji kavu haizuii kitu. Inataka kuoshwa, ikaushwe, itiwe mafuta, vumbi lije linate pale. Isisahauliwe hata mara moja. Raya ni mtu wa usafi, mtu wa maziwa lazima awe hivyo, akalishika neno langu barabara. Kila wiki anaiosha, anaitia mafuta, anairudisha. Mimi nikaridhika, sikutazama tena.

Kaskazi nzima, miezi ya joto, Kaa aliwaka kwa kidole kimoja. Kikaja kipupwe, hizi asubuhi za baridi mnazozijua, Sulhia akawa hataki kutoka kitandani, na Kaa naye akawa hataki.

Anapigwa, anawaka, anakohoa, anatoa moshi mweusi, anakufa. Anapigwa tena, anakufa. Raya amefunga kigari, madumu yamejaa, adhana inasikika, na chombo kinapiga chafya. Likichomoza jua, mara moja tu: vruuum, kama hakuna kilichotokea. Raya akifika Madungu wazee wameshaondoka. Mara ya kwanza Maalim Bakar alipokea madumu tu. Mara ya pili akasema, "Chai ya rangi leo nimewanywesha, na wamenitukana."

Hapo ndipo alipokuja Jabu. Jabu Mohammed Shaame, kijana wa Chake, fundi hasa, msimdharau. Anasikiliza injini kwa simu: anairekodi, anairudia, anawapelekea wenzake huko walipo. Mimi nasikiliza kwa kijiti cha mkarafuu, ncha moja kwenye injini na ncha moja sikioni, kama alivyonifunza Mzee Nassor. Mtu akitupita anatuona sote wawili tumeinamisha kichwa upande mmoja kama kuku waliosikia kunguru.

Jabu akija saa nne, jua limekaa. Kaa anawaka kwa kidole.

"Bi Mize, huyu ananifanyia inadi."

"Anakujua wewe mgeni. Anajitia adabu."

Akatoa plagi. Nyeusi, tena imelowa masizi, kama tako la sufuria ya kuni. Plagi nyeusi hivyo maana yake petroli imezidi hewa. Akaosha kabureta. Asubuhi ya pili yake, Kaa akafa vile vile. Akaja akapima nguvu ya mgandamizo wa silinda kwa kile kisaa chake, akatikisa kichwa: nguvu ipo. Akakuna ndevu.

"Yumkini ringi zimeliwa na mchanga wa huko alikotoka," akasema. "Zikiwa za moto zinajaza, zikiwa baridi zinavujisha. Nitamfungua, Bi Mize. Nitatazama pistoni."

"Ukimfungua, gasketi utazipata wapi?"

"Tuagize Dubai."

"Mpaka zifike?"

Jabu akaanza kukusanya vyombo vyake. Alikuwa akimtazama Raya, na Raya alikuwa akitazama kabati kupitia dirishani. Mimi nilijua kilichomo kabatini. Jabu akaweka ahadi: Alkhamisi asubuhi atakuja na vyombo vyake vyote amfungue.

Na Maalim Bakar naye akatia lake. Ijumaa ana shughuli kubwa, maziwa yatatakiwa mengi, naye lazima ajue anamtegemea nani. Akapeleka salamu: "Mwambieni Raya, Alkhamisi ndiyo nitakayoitazama. Maziwa yasipofika na sala, nitachukua ya mtu mwengine, na asinione mbaya."

Usiku huo nililala lakini akili haikulala, ilikuwa Wawi.

Nikamkumbuka Mzee Nassor. Alikuwa mtoto wa watu waliokuwa na mashamba, yakaondoka, akabaki na mashine ile na kofia yake safi. Kwa hasira hakuwa na mfano, kwa subira vile vile, ilitegemea umemwuliza nini. Mashine ikapata ugonjwa: inasaga vizuri, halafu inajifia. Akaitwa fundi Ramadhani Mcha, akafungua pampu ya dizeli, akafunga. Ikafa. Akafungua kwengine. Ikafa. Wanawake wamekaa na makapu yao ya mtama nje, wanatusema sisi na mashine yetu na wazee wetu.

Mzee Nassor akakaa juu ya gunia, akaniita mimi, mmwaga nafaka. "Mize, inakufa lini?"

"Ikishasaga kidogo, Mzee. Mwanzo haifi."

"Ikifa mwafanya nini?"

"Twafungua kifuniko cha tangi tutazame dizeli ipo. Ipo. Twafunga, twazungusha, inawaka."

"Mkifungua mwasikia nini?"

Nikafikiri. "Kama chupa ya soda, Mzee. Fyuu."

Alinyanyuka na mwiba wa mndimu. Kwenye kifuniko cha tangi kuna kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Yule mdudu mweusi mwenye kiuno chembamba, anayejenga nyumba kwa udongo, alikuwa amejenga mle. Dizeli inatoka, hewa haiingii, mwisho dizeli inakwama. Mzee Nassor akatoboa, akatuonyesha udongo kwenye ncha ya mwiba. Ramadhani Mcha akacheka, nasi tukacheka, na wanawake nje wakatukana zaidi kwa kuona tunacheka.

Kutoka siku ile mtu akiniletea injini simwulizi kwanza imeharibika nini. Namwuliza inakufa lini. Anayejua inakufa lini ameshafika nusu ya njia.

Basi Kaa anakufa alfajiri. Kwa nini alfajiri? Nikamwita Raya, nikamwuliza kila asubuhi, moja moja. Na kweli likatoka jambo: siku iliyokesha mawingu, usiku una joto, Kaa aliwaka bila ya fujo. Siku ile mbingu ilipokuwa tupu na baridi kali, hakutaka hata kidogo.

Nikasema umande. Umande unaingia kwenye kofia ya plagi, moto unapotea. Nikajiona hodari! Jioni tukamfunika Kaa kwa blanketi, lile zito lililokuja naye ndani ya kontena, tukamtia na turubali juu. Jirani yangu Bi Zuwena Makame akapita. Bi Zuwena anakamua mafuta ya nazi na kuuza vitumbua, na ulimi wake hauna likizo.

"Mize, mbona mmemfukiza kama mzazi? Amezaa nini?"

"Amezaa maneno ya majirani."

"Basi mpikieni uji wa pilipili manga, maziwa yatoke!"

Asubuhi tukamfunua, mkavu kama mbao. Akawaka, akakohoa, akafa. Si umande.

Lakini nilipoinama karibu na eksozi nilisikia harufu. Katikati ya ule moshi mweusi mlikuwa na harufu nzuri, tamu, ya kitu kinachokaangwa. Nikamwambia Raya, akasema, "Bibi, hiyo ya kwa Bi Zuwena. Ndio saa yake ya vitumbua." Na kweli ndio saa yake. Nikaliacha. Pua yangu ilinambia kweli, mimi nikaisikiliza akili.

Alkhamisi ikafika. Mbingu tupu, nyota zote ziko nje, na baridi ya kumfanya jogoo asahau. Raya amekamua, amefunga kigari. Mimi niko jikoni na chungu cha maji motoni. Nikamsikia Kaa: anawaka, anakohoa, anakufa. Anawaka, anakufa. Halafu kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kukohoa. Nikatoka mlangoni. Raya amekaa juu ya kiti cha Kaa, mikono mapajani, anatazama njia.

Bi Zuwena akaja, kajifunika kanga mbili, chupa mkononi.

"Hodi hapa. Mize, nipe moto wako kidogo. Unga umeshaumuka na mafuta yangu yameganda, nimeitikisa chupa hii mpaka bega linaniuma. Kipupwe cha mwaka huu kimegeuza mafuta yote samli."

Akaiweka chupa kando ya jiko langu. Nikaitazama. Ndani nyeupe, nzito, haipiti kitu. Nikaitazama inavyoanza kuyeyuka ubavuni upande wa moto, inang'aa kidogo kidogo, inashuka.

Nikatoka nje bila ya viatu.

"Raya. Ile sponji waitia mafuta gani?"

"Ya nazi, Bibi. Ya Bi Zuwena."

"Ya nazi?"

"Oili inanuka, Bibi. Madumu yako nyuma yangu pale, na maziwa hushika harufu upesi. Wewe mwenyewe hutaki kibatari hata kipite karibu na dumu. Nikaona ya nazi ni masafi."

Na sote hapa tungefanya hivyo, msijidanganye. Kwetu ya nazi yanatiwa nywele, kifua cha mtoto mwenye mafua, bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli. Nani angeyatilia shaka? Na kaskazi nzima yalikuwa maji, sponji inapumua. Ni baridi tu ndiyo iliyoyafunga.

Tukanyanyua kiti, tukafungua sanduku la chujio. Raya akamulika kwa simu. Sponji ilikuwa nyeupe, ngumu, imejaa kama kipande cha sabuni ya kufulia. Hata kidole hakipiti, seuze hewa. Kaa maskini alikuwa akinywa petroli bila ya kupata pumzi, na ile harufu tamu ya moshi ilikuwa nazi yake mwenyewe. Likitoka jua mafuta yanayeyuka, naye anapumua, na Jabu anakuja kumkuta mzima.

Bi Zuwena akachungulia juu ya bega langu. "Yakhe! Kumbe mmempika. Kaa wa nazi!"

Hatukuwa na wakati wa kucheka. Raya aliishika ile sponji, akanitazama, akaitazama mbingu ya mashariki iliyoanza kukwajuka.

"Bibi, niende bila yake. Leo tu. Nitaiweka mfukoni."

"Kaa ni wako."

"Atawaka?"

"Atawaka sasa hivi, na utafika Madungu kabla ya sala kuisha."

"Basi?"

"Basi njia ya Pujini waijua vumbi lake. Litaingia lote kwenye silinda, na silinda hiyo imeshakula mchanga wa jangwa. Hutosikia kitu leo wala kesho. Utasikia siku atakapoanza kula oili, na siku hiyo Jabu atakuwa na haki ya kumfungua."

Wanangu, sikumlazimisha. Moyo wangu mmoja ulisema mwache aende, afike, asiende Maskat. Moyo wa Wawi ukasema injini haisamehe kwa sababu mtu ana shida. Raya akasimama pale kiasi cha mtu kusoma Alhamdu. Halafu akaingia jikoni na sponji yake.

Akamimina yale maji ya moto ndani ya beseni, akatia sabuni. Mafuta yakatoka, yakaelea juu. Akakamua. Kukamua anajua: sponji haisokotwi kama nguo, itachanika, hubanwa tu, kwa kiganja kizima. Akaibana ndani ya kanga kavu, Bi Zuwena akavua yake ya pili akampa, akaibana tena. Tukaipepea mbali na ulimi wa moto, joto tu. Nikaleta oili mpya, akaitia kidogo, akaifinyanga mpaka ikawa na rangi moja kote, akaibana iliyozidi ikatoka. Akaosha mikono kwa ndimu na majivu, akanusa, akaosha tena, kwa ajili ya maziwa. Madumu akayafunika kwa majani ya mgomba.

Akapiga. Kaa akawaka, akasimama kwenye sauti yake, nzito, safi, haina kikohozi.

"Mwache apate joto!" nikamwambia, kwani injini baridi haipigwi mbio, hata kama nyumba inaungua. Akangoja, anauma mdomo, msikitini wameshakimu sala. Halafu akaondoka.

Jabu akaja saa nne kama kawaida yake, kabeba sanduku zima, sura ya mtu aliyejitayarisha kwa upasuaji. Nikamwonyesha beseni. Ya nazi yalikuwa yameshapoa, yameganda juu ya maji ya sabuni kama ukoko. Akayagusa. Akakaa kitako.

"Bi Mize, nisingeyaona haya mpaka kiama," akasema. "Mie naja jua la saa nne." Akayapiga picha akawapelekea wenzake, na simu yake ikalia kutwa kwa vicheko. Kisha akatuambia kuwa yako mafuta maalumu ya sponji, yanayonata, atayaagiza, na tukiyakosa basi oili nyepesi kama tulivyofanya, kidogo. Hayo sikuwa nikiyajua, nikayashika.

Raya alirudi jua likiwa juu. Madumu matupu. Nikampokea.

"Nilichelewa," akasema. "Wazee walikuwa wanavaa viatu mlangoni mwa msikiti. Maalim Bakar ameshafungua kopo la maziwa ya unga. Akaniuliza sababu, nikamwambia. Hakuamini. Nikamwambia njoo unuse chombo, harufu ya nazi bado haijaisha. Akatoka na kijiko mkononi, akainama nyuma ya Kaa mbele ya wazee wote, akanusa."

"Akasemaje?"

"Akasema kesho Ijumaa nilete madumu yote, na nikichelewa tena nisimletee hadithi ya mapishi."

Jabu alikuwa bado yupo. Akasema maadamu amekuja na vyombo, asiondoke bure. Ampime Kaa valvu, maana injini ya aina hii, valvu zake hujikaza pole pole bila ya kelele, na za Kaa hakuna ajuaye zilipimwa lini. Lakini valvu hupimwa injini ikiwa baridi, joto linadanganya. Tukamngoja apoe mpaka baada ya sala ya alasiri. Alipofungua kifuniko cha juu na kupitisha vile vibati vyembamba vya kupimia, kimoja kilikataa kuingia. Kwa hiyo hata yeye hakukosea: kulikuwa na jambo mle ndani, ila silo lililomuua Kaa alfajiri.

Raya akasogea, akanyoosha mkono. "Nipe nijaribu mie."

Jabu akampa kibati. Akakipitisha, akakitoa, akakipitisha tena, jicho moja limefumba. "Hapa kinaingia kwa kubana kidogo. Ndivyo?"

"Ndivyo. Kama kuvuta uzi ndani ya kanga."

"Na hapa hakiingii kabisa. Sasa inakuwaje? Kwa nini valvu inajikaza yenyewe?"

Jabu akamweleza. Akauliza jengine, nami nikaeleza, akauliza jengine tena juu ya lile. Vichwa vitatu juu ya injini ndogo kama kichwa cha mtoto.

Simu ya Raya ikalia barazani. Sulhia akaikimbilia, akatazama, anajua kusoma jina la wakala, akapokea.

"Mama! Yule wa Maskat! Anauliza unakwenda lini!"

Raya hakunyanyua kichwa. Alikuwa ameshika pumzi, kibati kiko nusu ndani. "Mwambie siwezi. Mikono ina oili."

Sulhia akairudisha simu sikioni, akasema kwa sauti ya adabu, ile anayosomea Kurani: "Mama anasema hawezi. Yumo ndani ya injini."

Na hakutoka humo mpaka adhana ya magharibi.